Pamba Chumbani Mwangu

Kengele ya dume letu kubwa bado naisikia. Iligonga polepole wakati ng'ombe wanatoka zizini asubuhi ile, kisha kwa haraka walipofika njia panda, kisha ikawa mbali, upande wa barabara ya Maswa, kulikokuwa na lori. Baba alikuwa anahamia Katavi na mifugo kwa sababu malisho kwetu yalikwisha. Mama na wadogo zangu walimfuata kwa basi siku hiyohiyo. Mimi nikaachwa nyumbani, kijijini nje kidogo ya Bariadi, nilinde pamba.

Ilikuwa chumbani mwangu, imejaa mpaka dirishani. Kwetu pamba hailali nje. Wageni ndio hutafutiwa pengine. Msimu wa kununua ulipofunguliwa, majirani waliuza. Baba akakataa, akisema bei itapanda.

Baba hajawahi kupanda ndege, lakini alijua nani kagombana na nani duniani. Ukimwamkia "Mwangaluka, baba," anaitikia vizuri, halafu anakuambia nchi fulani imefunga mpaka. Mwaka ule jirani zetu wa nje ya mpaka walizuia mazao yetu yasiingie kwao, na sisi tukazuia ya kwao. Jirani yangu, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, alimwambia baba watapatana tu.

"Kwa sababu wanapendana?" baba akauliza.

"Kwa sababu maghala yamejaa, mzee, na wenye maghala wanapiga kura."

Kweli, wakapatana. Baba akachukua neno la mwalimu akalipeleka asikokusudia mwenyewe. Redioni walisema viongozi wa Afrika wamekwenda ng'ambo kwa mataifa makubwa, baba akaamua kwamba huko watadai pamba yetu inunuliwe vizuri.

"Mzee, hao wamekwenda kuomba mikopo ya reli na barabara," mwalimu akasema. "Mwenye kuomba mkopo hagombani na mnunuzi."

"Kwenu mnalima ndizi," baba akamjibu. "Pamba utaijulia wapi?"

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. Baba naye akacheka, ila hakuuza.

Siku ya kuondoka aliniambia, "Ng'wanone, mwanangu, bei ikipanda, uza, mimi nitarudi tulime. Isipopanda, uza hivyohivyo, ufunge nyumba utufuate." Basi nikajua. Kurudi kwao kulikuwa mle chumbani, ndani ya magunia.

Mimi ni mtu wa kucheka, na elimu yangu ni ya darasa la saba, sikujua upweke una kazi nyingi hivyo. Nilisonga ugali wa watu sita wiki nzima kabla mkono haujazoea. Mchana nilitandika mkeka nikachagua pamba upya, nyeupe iliyo safi huku, ile ya njano tunayoiita fifi kule, ingawa tulishaichagua wote pamoja. Nilikuwa natafuta sababu ya kukaa nayo. Nikichoka, napanda juu ya magunia nalala, naota niko hotelini mahali penye lifti, na mama yuko kitanda cha pili analalamika kwamba godoro ni laini mno.

Redio baba alikuwa ameniachia. Niliisikiliza kama mtu anayesubiri kusikia habari za nyumbani kwao. Viongozi walirudi na mikataba, wakapigwa picha. Pamba haikutajwa. Baadaye nikasikia wanunuzi wa huko wamegombana wao kwa wao, viwanda vyao vimepunguza kazi. Nilimuuliza mwalimu mambo hayo yanatuhusu nini sisi.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "ndiyo yanayokuhusu kuliko yote."

Bei ilishuka. Nikakodi mkokoteni, nikapeleka magunia kwenye kituo cha chama cha ushirika. Karani alichomeka mkono ndani ya gunia la kwanza, akavuta pamba, akainusa. Akaniangalia kichwani.

"Hii imelaliwa, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ina mafuta ya nazi."

Watu foleni nzima wakacheka. Mama mmoja akasema, "Muache, labda alikuwa anaifundisha kuwa shuka." Nikacheka nao, maana ilikuwa kweli. Yale magunia ya juu yakaandikwa fifi. Yaliyobaki yakanunuliwa kwa bei ileile iliyoshuka, na karani hakuwa na ubaya wowote. Alisema bei haipangi yeye. Nikamuuliza anayepanga ni nani. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye angependa kumwona.

Jioni nikampigia baba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi," akasema. "Funga nyumba, uje."

Nyuma yake niliwasikia wadogo zangu wakigombania simu. Nusura niseme ndiyo.

"Baba, naomba nilime msimu mmoja."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akawafukuza wadogo zangu karibu na simu. Kisha akasema, "Ng'oa miti ya pamba ya zamani mapema, isije ikakuletea wadudu." Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Asubuhi nilikwenda shambani. Kazi ile huwa tunaifanya wote, kila mtu na mstari wake, tukishindana. Nilisimama mwanzo wa mstari wa baba, nikashika shina la kwanza kwa mikono miwili, nikalivuta mpaka likatoka na udongo wake.