Mlango wa Kijani

Mgeni alikuja na wenzake wa kanisani kuhubiri nyumba kwa nyumba siku kumi na mbili tu, kisha ndege iwarudishe kwao. Kwao alikuwa fundi cherehani, na mkalimani wake angelijua hilo hata bila kuambiwa: ncha za vidole zilikuwa sugu kwa sindano, na kila walipongoja kufunguliwa zilipapasa pindo la gauni kama zinazotafuta uzi uliochomoka. Alikuwa akibisha mara tatu, kisha anarudi nyuma hatua mbili, mwenye nyumba asijione amevamiwa. Mkalimani akifupisha maneno, alikatwa jicho. “Mwanangu, mimi nimesema mengi. Mbona Yesu wako amekuwa mfupi?”

Nyuma ya mlango wa kijani aliishi mzee aliyewafungia kila siku, saa tatu kamili, kabla salamu haijaisha.

“Mama, huyu tumwache,” mkalimani alisihi.

“Tutamwacha siku ya ndege.” Na kesho yake akabisha tena, mara tatu.

Siku ya mwisho mvua iliwachelewesha saa nzima. Walipofika, mlango ulikuwa wazi, na mzee amesimama kizingitini akitazama saa yake ya mkononi.

“Jamani,” alisema, “leo mlikuwa wapi?”