Sarafu ya Huruma Mkononi mwa Helpis

Numisio dobi alimuua Helpis, binti wa mtumwa wake Kreste, kwa rungu la kupigia nguo, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyemuuliza.

Kosa lilikuwa joho. Helpis aliliacha muda mrefu mno juu ya tenga la kung'arishia nguo kwa moshi wa salfa, likaungua pindo, nalo ni la mtu mkubwa. Numisio alipoinua rungu, Kreste, miguu bado imo ndani ya beseni la mkojo wa kufulia, akapiga ukelele: "Kimbia sanamuni, mwanangu! Mkumbatie Kaisari!"

Mtumwa akiishika sanamu ya Kaisari, bwana wake hamgusi mpaka asikilizwe. Helpis akatoka mbio. Lakini ilikuwa siku ya soko, mikokoteni imeziba njia, akakwama kwenye ule wa vitunguu. Numisio huyo nyuma yake. Ndipo Helpis akafungua pindo la kanzu yake, akatoa sarafu ya shaba, akainyanyua juu.

"Usiniguse, bwana! Nimemshika Kaisari! Sura yake hii hapa!"

Muuza vitunguu akaangua kicheko. "Kumbe na mimi ninao Kaisari tele mkobani!"

"Na upande wa pili kuna nani?" Numisio akauliza, anahema.

"Mungu Huruma, bwana. Yule mama mwenye tawi."

"Haya, mwite aje."

Akaubana mkono wa msichana kwenye gurudumu, akapiga. Vidole vikavunjika vikiwa vimeikumbatia ile shaba. Helpis akaita, "Mama!" Pigo la pili likamkuta kichwani.

Kreste alifika miguu inachuruzika. Alipokifumbua kiganja cha mwanawe, yule mama mwenye tawi alikuwa amejichapa kwenye nyama.

"Nimevunja changu," Numisio akawaambia watu. "Kuna mwenye neno?"

Muuza vitunguu alikuwa akifuta damu kwenye gurudumu lake.

Siku ya maziko walimwambia Kreste aiweke sarafu ile mdomoni mwa maiti, nauli ya mzee avushaye wafu mto wa kuzimu. Akakataa. Akaweka nyingine, kuukuu, aliyopewa na jirani. Ile ya Huruma ameificha, haijaoshwa.

Sasa Numisio amezeeka, salfa imemla mapafu, haondoki kitandani. Anadaiwa uhai wa Helpis, na hajalipa. Anayemdai ndiye anayemkorogea uji.