Gema Lililokauka Juu

Mlima Kenya sijauona kwa macho yangu. Lakini maji yake nimeyanywa tangu nizaliwe, hapa karibu na Garsen, na tabia yake naijua kama ya mume mlevi: hunyamaza kwanza. Mwanzo wa vuli kwetu bado ni vumbi tupu, mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Huko juu mvua imeshaanza kupiga. Sisi habari tunaletewa na mto Tana.

Mwaka juzi uliileta mapema. Tuliamka maji ni mekundu, yana povu na matawi ya miti isiyoota kwetu. Yakapanda mpaka kwenye migomba yangu, yakakaa kidogo, kisha yakashuka upesi kama mtu aliyeiba kuku. Watu wakashukuru. Mimi sikushukuru. Maji yakija mbio na kuondoka mbio, kuna kitu yamekifanya.

Kwetu mto ukipungua, watu hukimbilia ukingoni kupanda. Udongo mweusi unaobaki pale ni mtamu, mahindi hayataki kubembelezwa, na atakayetangulia na jembe ndiye mwenyewe msimu huo. Kosa letu ni hilo. Mto ukijaa tunauogopa, ukishuka tunaurudia. Kumbe uliojaa unaliegemea gema, ule ukuta wa ukingo, unalishikilia. Ukishuka, gema linabaki limelowa ndani, zito, halina wa kulishika, na juu limekauka vizuri kabisa. Likichoka linakwenda lote kwa mara moja.

Mke wa mwanangu ni mtu wa Kipini, amekulia baharini, mto wa huku kwetu haujui. Alishuka ukingoni na jembe na mbegu, mjukuu wangu mgongoni. Mtoto mzuri kama huyo sijamwona Tana yote, na anayebisha alete wake tuwalinganishe.

Nikawafuata na mchi wa kinu. Nikatwanga ardhi ya njiani, ikajibu kama ardhi. Nikatwanga karibu na ukingo, ikajibu kama mtungi mtupu. Tena kulikuwa na ufa mwembamba umepita katikati ya nyasi, ungedhani ni njia ya siafu.

"Mavyaa," mke wa mwanangu akaniita huku akicheka, "sasa watwanga mto? Utatoa unga gani?"

"Toka hapo."

"Kwani pana nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwambia utoke."

Akaacha kucheka. "Nimefahamu. Wataka nitoke, jioni nimwone wifi yangu hapa na jembe lake."

Wifi yake ni binti yangu. Na ni kweli binti yangu alikuwa amekitolea macho kipande kile. Ni kweli pia kwamba mimi na mkaza mwanangu tulikuwa bado tunachunguzana: yeye akifunika vyungu nikiingia jikoni kwake, mimi nikinusa chai yake kabla ya kuinywa. Ningekuwa yeye ningewaza vivyo hivyo. Lakini lilinichoma.

"Basi baki na udongo wako," nikasema. "Mjukuu wangu nipe."

"Ni mwanangu."

"Ni wako akiwa huku juu. Hapo ulipo ni wa mto."

Nikamfungua leso mgongoni, nikamchukua mtoto, nikaenda naye uani, mbali. Yeye akaendelea kulima kwa hasira.

Mtoto akataka titi. Akaanza kulia kile kilio chake cha kuita kijiji kizima. Uji ulikuwepo, tena wa vuguvugu. Sikumpa. Nikamwacha alie, kwa sababu hakuna mwanamke mwenye maziwa kifuani anayevumilia sauti ile.

Akaja mbio, jembe begani. "Mavyaa, wamfanya nini mwanangu?"

Hajamweka vizuri kwenye titi, nyuma yake tukasikia kishindo kama gunia la mchele limeangushwa kutoka kwenye lori, kisha maji yakipigwa. Tulipotazama, pale alipokuwa akilima palikuwa hewa tupu. Migomba yangu ilikuwa inakwenda na mto, imesimama wima kama abiria.

Aliketi chini na mtoto wake. "Ulijua," akasema.

"Sikujua. Nilishuku tu."

"Na mtoto? Ulimliza makusudi?"

"Alikuwa na njaa."

Akautazama uji uliopoa kwenye bakuli, akanitazama mimi. "Sasa nitapanda wapi?"

Nikamwonyesha kipande cha nyuma ya nyumba. Udongo wake ni mbaya, mgumu, lakini uko mbali na mto.

"Ni cha nani?"

"Chako."

"Wifi ajua?"

"Nitamwambia."

"Mwite," akasema. "Umwambie nikisikia."

Nikamwita.