Nilimwonea wivu fundi mwenzangu kwa sababu ya hendeli, akapoteza vidole

Mwakeye wakuu.

Nimeona vijana mnabishana humu kuhusu safety kazini, nikaona nitoe la kwangu. Sijaongeza chumvi, na wala sitajipendelea.

Miaka ya sabini nilikuwa msaidizi kwenye karakana ya misheni moja huku Kasulu, jina naliacha. Tulikuwa na leth, mashine ya kukereza chuma. Tulitengeneza vitu vingi, lakini sifa yetu ilikuwa vipuri vya ndege ndogo iliyobeba wagonjwa na dawa. Ukichonga bushi ya gurudumu halafu uione ndege inapaa, siku hiyo hata ugali wa muhogo unashuka wenyewe.

Leth ilizungushwa kwa mkanda kutoka injini ya dizeli iliyokuwa banda la nyuma. Injini inawashwa kwa hendeli, chuma cha kuizungusha kwa mkono, na hendeli ilikuwa moja tu. Sheria ya Bruda, mkuu wetu: anayetengeneza mashine ndiye anakaa na hendeli mpaka amalize.

Siku hizi mnaita lockout, mna makufuli na vibao. Sisi tulikuwa na chuma hicho.

Sasa hendeli ikageuka cheo.

Gervas alitoka Kibondo akanikuta nina miaka mitatu pale. Miezi miwili tu, Bruda akampa leth. Jamaa anaenda kwenye chai na hendeli begani, wapishi wanamwita fundi. Mimi wananiita "wewe".

Niliumia wakuu. Nilichukia hata anavyopuliza chai yake. Na kibaya zaidi hakuwa na dharau, aliniita kaka.

Siku moja gia za leth zikawa zinagonga, injini ikazimwa. Gervas akalala chini ya leth, hendeli akaiweka sakafuni pembeni yake. Nikaiokota, nikaitupia begani, nikaenda jikoni. Nilitaka nionekane nayo, basi.

Mzee Stefano, mwasha injini, akanikuta pale.

"Fundi, mmemaliza?"

Miaka mitatu, na ndiyo mara ya kwanza mtu ananiita fundi, tena mbele ya wapishi. Nikasema, "Tumemaliza, mzee."

Akaichukua akaenda. Nikajiambia nitamuwahi. Nikapiga funda moja la chai kwanza, na injini ikashika.

Vidole vitatu, mkono wa kulia.

Bruda alipouliza, nilisema mzee amenisikia vibaya. Mzee Stefano akarudishwa kwao Heru Juu kulima. Hendeli nikapewa mimi.

Jumapili nikaenda Kabanga hospitali kumwona Gervas. Nilijua atanitukana, nilishajiandaa. Akaniambia hivi:

"Kaka, niliona miguu yako ulipoichukua hendeli. Nikasema, hendeli iko kwa kaka, sasa niingize mkono bila wasiwasi."

Nilimmenyea ndizi nilizomletea, nikaondoka.

Mzee Stefano alishafariki. Gervas yupo Kibondo, analima maharage, ana wajukuu, na tukikutana bado ananiita kaka. Nami bado namwonea wivu, siku hizi kwa sababu ana usingizi.

Funzo langu ni fupi: ukiwa na kijicho na mwenzako, usiguse kitu kinachomlinda. Omba uhamishwe, nenda hata kalime.

Hajawahi kujua kwa nini niliichukua. Wakuu, nimwambie, au nimwache azeeke na kaka yake? Semeni ukweli, hata matusi nitayasoma.