Kuusema Ukurasa wa Mtani

Ningeweza kujibu hapana. Bwana mkubwa, Mzungu aliyesimamia magazeti ya serikali ya jimbo letu, alipoketi pembeni ya meza yangu pale Mbeya, akaniambia niyaandike makosa yote ya gazeti la Iringa, kwa Kiingereza, kwa taipureta, na chini nitie sahihi yangu, ningeweza kumwambia kwamba niliyoyaandika juu ya gazeti lile ni ya utani na hayaendi ofisini. Kiingereza cha kumwambia hivyo nilikuwa nacho. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi. Nilichosema ni "Ndiyo, bwana," nikavuta taipureta.

Nieleze kwanza magazeti yenyewe, maana leo mtu akisikia gazeti anafikiria mitambo. Letu lilikuwa karatasi nne za fuliskepu zilizobanwa kwa pini, mara moja kwa mwezi. Habari tulizipiga kwa taipureta juu ya stensili, ile karatasi laini yenye nta. Vichwa vya habari na picha nilivichora mwenyewe kwa kalamu ya chuma, na mkono ukiteleza stensili imechanika, unaanza upya. Kisha stensili inavikwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mbeya, mwezi wa sita, wino ulikuwa unaganda kama ugali wa jana, mpaka tuusogeze karibu na jiko la mkaa.

Kupanga ukurasa, yaani nini kikae wapi na kwa ukubwa gani, ilikuwa kazi yangu. Iringa nako kulikuwa na gazeti kama letu, na mpangaji wake alikuwa Mhehe wa rika langu. Mimi ni Msangu. Babu zetu walipigana vita, kwa hiyo sisi wajukuu tulirithi utani: yeye ana haki ya kunitukana, mimi nina haki ya kumtukana, na anayekasirika ndiye mjinga.

Utani huo tuliugeuza kazi. Kila toleo lilipotoka nilimpelekea nakala kwa basi, naye akaniletea yake. Kila mmoja alichukua penseli nyekundu, akaandika juu ya ukurasa wa mwenzake yote aliyoyaona, kisha akaurudisha. Hakuna mkubwa aliyetuagiza.

Nakala yangu ya kwanza ilirudi imejaa wekundu kama mtoto mwenye surua. Nilikuwa na ugonjwa wa kujaza. Nafasi tupu kwangu ilikuwa shamba lisilolimwa, aibu kwa mwenyewe, basi ukurasa wa kwanza nikaubandika habari kumi na moja. Mtani aliandika: "Msomaji ameingia humu mzima, ametoka na pumu. Fungua dirisha." Pembeni ya kichwa cha habari nilichokichora kwa herufi kubwa, juu ya habari ya mistari mitatu, aliandika: "Hii ni kofia ya baba. Mtoto aliyeivaa yuko wapi?"

Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikachukua rula nikapima. Alisema kweli. Mwezi uliofuata nilitia habari saba.

Nami sikumwacha. Yeye alikuwa na maradhi ya kinyume, alipenda weupe. Katikati ya ukurasa aliacha uwanja ambao timu mbili zingecheza mpira. Nilimwandikia: "Hapa habari ziliisha, au mwandishi alikimbia?" Mwezi mmoja alichora fahali aliyeshinda kwenye maonyesho ya mifugo, akamweka ukingoni kulia ameelekea nje. Sasa, picha yenye uso hutakiwa itazame ndani ya ukurasa, ili jicho la msomaji lifuate huko huko kwenye maneno. Nikaandika: "Fahali wako anatoroka. Mfunge."

Toleo lililofuata fahali yule yule alikuwa ukingoni pale pale, ameelekea nje vile vile, ila sasa ana kamba shingoni, na upande wa pili wa kamba, ndani ya ukurasa, kuna mtu mwembamba mwenye masikio makubwa anavuta. Masikio yalikuwa yangu. Bwana mkubwa alipouliza huyo ni nani, mtani alimjibu kwamba ni mtumishi wa idara ya mifugo.

Mara moja moja nilikwenda Iringa mwenyewe. Alikuwa anatandaza kurasa zetu kwenye kamba ya nguo uani kwake, zimebanwa kwa vibanio, yake kushoto, yangu kulia. Sheria ilikuwa moja: mwenye ukurasa hasemi neno mpaka ukurasa wake umalize kusemwa. Siku moja mke wake alipita na beseni la viazi, akasimama mbele ya ukurasa wangu.

"Huu wa shemeji," alisema. "Mimi kusoma sijui, lakini huu unanichosha hata hivyo."

"Unakuchosha wapi, mama?" mumewe aliuliza, kwa furaha kubwa.

"Sijui pa kuanzia. Ni kama nyumba ambayo watu wote wanaongea pamoja."

Nilifungua mdomo.

"Funga," mtani aliniambia. "Kesi inasikilizwa. Mshitakiwa atasema mwisho."

"Mshitakiwa ana njaa."

"Lini Msangu akashiba? Mama, mpe kiazi, asituharibie baraza."

Mke wake alinipa kiazi, kisha akaubandua ukurasa wangu kwenye kamba na kuubandika tena kichwa chini, miguu juu. "Haya, tazama na wewe usiyejua kusoma," alisema. Nikatazama. Maneno yalikuwa yamegeuka madoa tu, na madoa yote yalikuwa yamelundikana upande mmoja, ukurasa mzima unataka kuanguka kulia. Tangu siku ile sikupeleka stensili kwenye mashine kabla ya kuigeuza hivyo. Mafunzo mengi niliyapata baadaye, lakini hilo la mama yule asiyejua kusoma ndilo lililonifaa kuliko yote.

Basi ndipo bwana mkubwa akaja. Alipita Mbeya kukagua, akakuta mezani kwangu gazeti la Iringa limejaa penseli yangu. Kiswahili alikijua vizuri. Alisoma, akacheka, akasoma tena, akaacha kucheka.

"Wewe una jicho," alisema.

Nilifurahi mno, na furaha ile naikumbuka kwa aibu. Kisha akanieleza kwamba mwaka unaofuata jimbo litakuwa na gazeti moja tu, na mpangaji mmoja. Yule wa pili atatafuta kazi nyingine. Akataka nimwandikie yale niliyoyaona, rasmi.

Sitasema sikujua. Nilijua kazi ya nani ilikuwa mezani, nilijua mtani ana mke na mtoto anayetambaa. Nilijiambia kwamba mimi naandika kweli tu, na kweli haina kosa. Lakini utani ukiufua kwa Kiingereza, kicheko chote kinatoka na maji. "Fahali wako anatoroka" ikawa: mpangaji hana uamuzi mzuri katika kuweka picha. Ule uwanja wa mpira ukawa: anapoteza karatasi ya serikali. Kamba ya fahali sikuitaja. Wala sikutaja kwamba nafasi ya kupumua iliyokuwa ikisifiwa sasa katika kurasa zangu nilifundishwa naye. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Nilichaguliwa mimi. Siku nilipokabidhiwa ofisi nilikabidhiwa pia faili. Ripoti yangu ilikuwa juu, kurasa mbili zilizopigwa chapa safi. Chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi kutoka Iringa. Kumbe na yeye alikuwa ameombwa ayaseme makosa yangu. Alikuwa amejibu kwa mkono, kwa Kiswahili: "Ukurasa wa mtani wangu huwa nausema akiwepo. Mleteni Iringa niuseme."

Bwana mkubwa alikuwa amemwonyesha mtani ripoti yangu, ili aelewe sababu za kuachishwa kazi. Mtani alihamia Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu. Nilingoja miezi kadhaa, kisha nikapanda basi nikateremka huko, na toleo jipya mfukoni na penseli nyekundu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na makosa matatu ambayo hata mimi niliyaona.

Alinipokea vizuri. Aliniletea kiti, akaagiza chai. Alinawa mikono kabla ya kushika gazeti, akalitazama kwa muda mrefu.

"Ni ukurasa mzuri, bwana," alisema.

"Litazame vizuri, mtani."

"Nimelitazama. Limepangika. Hongera kwa kazi."

Nikajaribu kumchokoza. Nilimwambia vitunguu vyake ni vidogo, kwamba kwa Wasangu vya namna hiyo hupewa kuku.

"Kweli," alijibu kwa upole. "Mwaka huu maji yalikuwa machache."

Mke wake alileta chai kwa mikono miwili, akasema, "Karibu, bwana mhariri." Nilikunywa. Wakanisindikiza wote wawili mpaka barabarani, wakaniombea safari njema, na mtoto akafundishwa kunipungia mkono. Sijawahi kutendewa kwa adabu namna ile. Mtu aliye mtani wako akianza kukuheshimu, amekwisha kukufungia mlango.

Nilikaa kwenye kiti cha mpangaji mpaka nilipostaafu. Walio chini yangu waliusifu kila ukurasa niliotoa, na walio juu yangu hawakutazama. Mtani alifariki huko Ruaha Mbuyuni. Habari niliipata kwa abiria wa basi, wiki mbili baada ya maziko, ambako mtani wa marehemu ndiye hutakiwa kuwapo. Ripoti ile ilinipa gazeti la jimbo zima. Ilinigharimu rafiki yangu, na pamoja naye mtu pekee aliyewahi kuniambia kweli kuhusu kazi yangu, na kazi yenyewe haikuwa nzuri tena baada ya hapo.