Shangazi Vestina na Pongo wa Korongoni

Nta ya nyuki ikisuguliwa hadi ipate joto hutoa harufu tamu, yenye moshi kidogo ndani yake, kama asali iliyomwagikia jivu. Karibu na soko la Gitega yuko fundi viatu, Mzee Shabani, ambaye kabla ya kushona huupitisha uzi wake kwenye donge la nta. Juzi nilisimama mbele ya kibanda chake, nikavuta hewa, nikasahau kilichonileta.

"Mama Keza, iko nini? We uko mgonjwa?"

Nikamwambia mi mzima, nimekumbuka tu upinde wa shangazi yangu.

"Upinde? Ya mwanamke?" Akaacha sindano hewani.

Hivyo ndivyo watu wote walivyoshangaa, hata wakati ule.

Shangazi Vestina ni dada mkubwa wa baba yangu. Alikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na kwa kuwa baba alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, babu alimfundisha yeye kuwinda ili nyumba ipate kitoweo. Tuliporudi Burundi na kupata tena shamba la ukoo kwenye vilima vya Gashoho, huko Muyinga, wenzetu walishuka na mabati, masufuria na baiskeli. Shangazi alishuka na upinde, ameuviringisha ndani ya mkeka kama mtoto aliyelala. Majirani walimcheka hadi pongo walipoanza kupanda kutoka korongoni na kula maharagwe yao.

Kama hujawahi kumwona pongo, ni swala wa vichakani, mwenye mabaka meupe ubavuni na macho ya upole kiasi cha kukutia aibu. Lakini dume lake lina pembe zilizojisokota, fupi, kali kama msumari wa seremala. Shangazi alipowaangusha wawili katika msimu mmoja, kicheko kilikoma. Mkuu wa kilima mwenyewe, yaani kiongozi wa kijiji chetu, akawa anakuja kuomba: "Mama Vestina, wamerudi."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilitaka upinde kuliko nilivyotaka chakula. Nilimsumbua hadi akanichongea upinde mdogo, wangu mwenyewe. Jioni tulikaa nyuma ya jiko tukisugua kamba kwa nta mpaka vidole vikateleza, kisha nikapiga mishale kwenye shina la mgomba uliokwisha kuzaa. Mshale wangu wa kwanza ulipita mgomba, ukapita kuku, ukajichoma kwenye mlango wa jiko. Bibi alitoka, akautazama, akasema taratibu, "Mlango huu haujala maharagwe ya mtu."

Shangazi hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alinisogeza kiwiko kwa ncha ya kidole. Aliokota vumbi, akalimwaga, nikajifunza upepo unakokwenda. "Mnyama haogopi mshale," aliniambia, "anaogopa haraka yako." Na tena: "Ukiona mkono unatetemeka, ushushe. Pongo yupo hata kesho." Msimu mzima uliisha sijaruhusiwa kuulenga upinde kwenye kitu chenye damu.

Mvua za kwanza zikaanza. Majani yalichipua korongoni, na madume wakaingia katika siku zao za kugombania majike. Alfajiri tuliwasikia wakibweka, sauti nzito ya kukwaruza, kama mbwa mwenye kikohozi. Shangazi alisema dume wa namna hiyo hasikii wala haoni. Ana moyo tu. "Sasa njoo uone," akaniambia, na moyo wangu ukapanda hadi masikioni.

Tuliteremka kukiwa na ukungu. Ardhi ilinuka udongo mpya na majani yaliyopondwa. Palikuwa na kinjia chembamba cha wanyama kinachopanda kutoka kijitoni, na shangazi akaniweka juu yake, mgongo ukigusa mti. Yeye akasimama pembeni, nje ya njia, nyuma ya kichaka. Akakusanya viganja mdomoni, akabweka. Nilitaka kucheka. Mwanamke wa kanisani, mwenye kitenge cha Jumapili kilichochakaa, anabweka!

Kule chini dume lilimjibu.

Likaja moja kwa moja, likivunja vijiti, kichwa chini. Nililiona jeusi kwa maji ya ukungu, likipuliza moshi puani. Upinde wa shangazi uliita mara moja, sauti ndogo kama mtu aliyekata uzi kwa meno, na mshale ukazama nyuma ya bega, mahali hasa alipokuwa akinionyesha kwenye mgomba. Nikajua limekwisha. Nilikuwa tayari natabasamu.

Halikuanguka. Lilipanda kinjia kwa kasi ambayo sijaiona tena kwa kitu chochote chenye miguu. Mimi sikusogea. Mshale wangu uliteleza kutoka kwenye kamba ukaanguka miguuni pangu, na nakumbuka niliutazama ule mshale, si mnyama. Nilipoinua macho shangazi alikuwa njiani, mbele yangu, na pongo lilikuwa limemwingia. Hakupiga kelele. Ni mimi niliyesikia sauti, kama kitambaa kizito kinachochanwa, kisha wote wawili walikuwa chini, na ile pembe iliyojisokota ilikuwa ndani ya paja lake.

Mnyama wa upole! Mla maharagwe! Nilisimama mdomo wazi. Damu yao ilichanganyika kwenye majani, nisijue ipi ya nani. Pongo lilipiga mateke kidogo, likatulia juu yake. Ndipo shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Kimbia umwite baba yako. Usianguke njiani."

Wanaume walimpandisha kilimani kwa ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa inayobebwa mabegani, wakapokezana hadi barabarani, na gari likamfikisha hospitali Muyinga. Nilipoletwa kumwona, alikuwa amelala, uso umekuwa wa kijivu. Baba aliuliza ilikuwaje. Shangazi alinitazama, kisha akaitazama dari.

"Nilijikwaa kwenye mzizi," alisema, "nikaanguka mbele yake."

Neno hilo lilifika Gashoho kabla yake. Dume limepigwa vizuri, lakini mwindaji kajikwaa kama mtoto! Kwenye kilabu cha pombe ya ndizi waliigiza anavyoanguka. Alirudi akichechemea, na mguu huo haukunyooka tena. Mkuu wa kilima hakuja tena kuomba. Alimwita kijana mmoja mwenye mbwa. Shangazi alikuwa akiwasikia, anapepeta mchele wake, anatikisa kichwa na kucheka nao. Nami nilimwonea haya. Mwalimu wangu, kajikwaa! Upinde wangu mdogo niliuacha darini ukaliwa na wadudu, na hakuna aliyeniuliza.

Nikakua, nikaolewa Gitega, nikapata Keza. Mwaka jana tulikuwa tunavuka barabara karibu na soko, mtoto ametangulia hatua chache, gauni lake jipya likipepea. Pikipiki ya abiria ilitokea nyuma ya lori lililoegeshwa. Hapo kuna sehemu sina kabisa kichwani. Nakumbuka nikiwa ukingoni mwa barabara, kisha nakumbuka nimelala juu ya lami, kiwiko kinawaka, pikipiki imepinduka, na Keza yuko nyuma yangu mzima. Sikumbuki kuamua. Mwili ulikuwa umekwenda wenyewe.

Nikiwa pale chini, watu wakipiga kelele, niliona lile korongo lote. Shangazi alikuwa pembeni, nje ya njia. Mti uliokuwa njiani, wenye mizizi ya kujikwaa, ulikuwa nyuma yangu. Ili ajikwae akaanguke mbele ya pongo, angelazimika kwanza kutoka kichakani aje nilipo mimi.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu. Nilikosea namba, nikapiga tena.

"Shangazi, siku ile ya pongo hukujikwaa."

Nilisikia kuku wake, na redio ya mtu.

"Kumetokea nini?" akauliza. Nikamweleza. Akauliza kama mtoto ameumia, nikasema hapana, analilia gauni lililochanika.

"Amekuuliza kwa nini ulianguka?"

"Bado."

"Mwambie ulijikwaa."

Akakata simu. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikicheza, nikisoma, nikikasirika, nikimwonea haya, mwepesi kabisa, bila kujua kuna mguu wa mtu ulionilipia. Ndivyo alivyotaka. Alikubali kuchekwa na kilima kizima, ili mtoto wa miaka kumi na moja asibebe kitu kizito kuliko upinde wake.

Keza aliingia, macho mekundu, akagusa bandeji kwenye kiwiko changu. "Mama, ulianguka kwa nini?"

Nikamwambia nilijikwaa. Alinicheka sana.