Pompi kwa Mume Mwenye Haya

Wiki hii nimejiaibisha, na nyie mcheke tu, maana mtaa wetu umeshacheka.

Hapa Élisabethville, kwenye farmasi ninakofanya kazi, tumeletewa pompi za kioo za kuwakamulia maziwa mama wanaonyonyesha. Madame, bosi wangu, aliniachia kaunta kwa mara ya kwanza. Nikikosea, narudi nyuma kuosha chupa. Akanionya kwamba wanaokuja kuzichukua ni waume, nao wana haya sana, kwa hiyo nisitaje matiti mbele ya watu. Niulize kwa upole tu.

Basi akaingia baba mmoja, jasho linamtiririka, macho chini.

"Muko na pompi?" akauliza.

Nikamtambua mara moja: mume mwenye haya. Nikainama, nikashusha sauti.

"Iko, baba. Imevimba?"

"Kuvimba wapi? Imelegea kabisa, tangu asubui."

Nikamhurumia mkewe.

"Pole, baba. Ikande kwanza na kitambaa ya maji ya moto, polepole."

"Maji ya moto?"

"Ya moto. Na usiikamate na nguvu."

Mama waliokaa kwenye benchi na watoto wao wakageuka wote kunitazama. Nikadhani wananistaajabia, nikaongeza sauti kidogo.

"Sasa uniambie, baba. Ni ya kushoto ao ya kuume?"

Akageuka kuangalia baiskeli yake iliyoegemea mlangoni.

"Ni ya nyuma," akasema.